Damari na Minyoo ya Bwana Haskini

Damari binti Alute hakuwahi kuiona bahari maisha yake yote, lakini ni bahari iliyomharibia jina. Ilimfuata Manyoni kwa treni, imetiwa kwenye mapipa, ikashushwa stesheni mbele ya wanawake waliokuwa wamepanga madebe matupu kwenye bomba la reli tangu alfajiri. Mwaka ule mvua zilikatika mapema, mtama ukakauka ungali na maua, na bomba lilifunguliwa kwa muda mfupi tu kila siku. Mapipa yalipokuwa yakiviringishwa kwenda nyumbani kwa Mzungu, mwanamke mmoja alichovya kidole kwenye maji yaliyovuja, akaonja, akatema. Akawaambia wenzake kwamba ni chumvi tupu. Behewa zima limeletwa kutoka pwani, na ndani yake hamna hata tone la kunywa.

Mwenye mapipa alikuwa Bwana Haskini, Mwingereza mfanyabiashara wa nta. Alinunua nta kwa warina asali wa Itigi na vijiji vya porini, akaiyeyusha nyuma ya nyumba yake, akaipakia kwenye treni kwenda Dar es Salaam. Zamani aliishi huko pwani, na alipohamia bara hakukubali kuacha starehe yake moja: sanduku la kioo, refu kama kitanda, lililojaa maji ya bahari, mawe ya baharini na samaki wa rangi. Wageni wake waliposhuka kwenye treni, kitu cha kwanza alichowaonyesha ni hilo sanduku.

Damari aliingia nyumba ile kwa mlango wa jikoni. Yeye alizaliwa Sepuka, akasoma kwa wamisheni mpaka akaweza kujisomea Injili, kisha akaolewa na Gabrieli, kijana wa Issuna aliyekuwa kibarua wa njia ya reli. Ndiyo sababu alikuwa Manyoni, kwenye chumba kimoja cha kota za reli, na watoto wake wawili, Lea na Isaka. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye sauti ndogo, na kwa sauti hiyo watu wengi walimdhania mpole. Gabrieli hakudanganyika. Alikwisha kumwona mkewe akisimama dukani tangu saa za asubuhi mpaka jua la utosi, hapigi kelele, hatukani, anangoja tu mwenye duka apime unga upya.

Mpishi wa Bwana Haskini alikuwa Anselm wa Mungaa, mtoto wa mama mdogo wa Damari. Mtu aliyekuwa akiwatunza samaki alipokwenda zake kwenye mashamba ya mkonge, Anselm alimpendekeza dada yake Damari. Kazi yenyewe ilikuwa ya ajabu. Samaki wale walihitaji upepo ndani ya maji, na umeme haukuwapo. Basi Bwana alichukua mpira wa ndani wa gurudumu la lori, akauunganisha na kibomba chembamba kilichozama majini, na Damari akawa anaujaza mpira kwa pampu ya miguu ili upepo utoke pole pole, mapovu mapovu, siku nzima. Mpira ukilegea, anajaza tena. Vilevile aliwalisha samaki kwa nyama iliyokwanguliwa, akafuta kioo, na siku nyingine akafua nguo na mapazia kwenye baraza ya nyuma.

Alipoanza, alikuwa na hasira na samaki hao. Alitoka kwenye foleni ya maji, ndoo haijajaa, akaja kuwapulizia upepo viumbe waliokuwa na maji kuliko mtaa wote wa reli. Lakini macho hayana kinyongo, na kadiri siku zilivyokwenda alijikuta anawatazama. Walikuwapo wa manjano wenye milia, wa buluu kali kama wino, na mmoja mweusi mwenye madoa meupe, mgomvi, aliyejitwalia jiwe kubwa na kumfukuza kila aliyelisogelea.

Kisha akawaona na wengine, ambao hakuna aliyewaonyesha wageni. Jioni, mwanga ukipungua sebuleni, kwenye matundu ya mawe vilichomoza vichwa vidogo. Nyuma ya kichwa ulifuata mwili wa pingili pingili kama wa tandu, rangi ya shaba, na kila pingili ina kishungi cha nywele nyeupe huku na huku. Anselm alisema ni minyoo ya bahari, walikuja wamejificha ndani ya mawe. Damari aliwafananisha na viwavi washawasha wa kwao Sepuka, akawa mwangalifu nao.

Aliyaona maisha yao. Kipande cha nyama kikiwapita samaki na kuanguka chini, mnyoo alijinyoosha, akakinasa, akarudi nacho shimoni. Samaki hawakumjali, wala yeye hakuwajali. Walikaa kama wapangaji wasiosalimiana. Mara moja moja samaki wa manjano alimpokonya mnyoo nyama mdomoni. Na siku moja yule mweusi mgomvi alimng'ata mnyoo katikati ya mgongo, akamtema papo hapo, akawa anausugua mdomo wake mchangani kama mtu aliyetafuna pilipili bila kujua. Damari alicheka mpaka Anselm akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Asubuhi moja samaki wa buluu alionekana amelala chini amekufa, na minyoo watatu wamemzunguka, wanamla. Bwana Haskini alipoona, uso ulimwiva. Akasema ndio wauaji, wamemshambulia akiwa usingizini. Akamwita Damari na kumwamuru awatoe wote.

Damari akaomba kibano cha jikoni.

"Kibano kitavunja mawe," Bwana akasema. "Tumia mkono. Hawana meno."

Damari alikuwa mtumishi, na mtu aliyeleta samaki hao kutoka mbali ndiye anayewajua. Hivyo ndivyo alivyofikiri. Akakunja mkono wa gauni, akazamisha mkono, akamshika wa kwanza, na wa pili. Moto ulimpanda kwenye vidole kabla hajautoa mkono majini. Alipouangalia, ngozi ilikuwa imejaa vinywele vyeupe, vyembamba kuliko unyoya wa kifaranga, na kila alipovifuta vilizidi kuzama. Bwana alimwambia aende akanawe.

Damari hakulala usiku ule. Kufika asubuhi mkono ulikuwa umeumuka kama andazi, hawezi kushika mwiko wala mchi. Jirani yake Stumai, mke wa mshika bendera wa stesheni, ndiye aliyewapikia watoto wa Damari uji. Stumai alipasha kipande cha nta moto, akakingoja kipoe kidogo, akakigandamiza kwenye mkono, kisha akakibandua kwa nguvu. Vinywele vikatoka vimeng'ang'ania nta. Akarudia, mahali baada ya mahali, huku Damari ameuma upindo wa kanga.

Hata hivyo alikwenda kazini, mkono mmoja umefungwa kitambaa. Akamkuta Bwana Haskini mwenyewe ameinama juu ya sanduku, anawatoa minyoo waliobaki. Mkononi alivaa glavu ya mpira iliyopanda mpaka kwenye kiwiko.

Damari alisimama akaiangalia ile glavu. Haikuwa mpya. Anselm alimwambia baadaye kwamba ilikuwa kabatini siku zote.

"Bwana," akasema, "ulijua kwamba wanachoma?"

Bwana Haskini hakugeuka. Akajibu kwamba glavu ni moja, nayo ni ya kipimo chake, na mkono utapona.

Mkono ulipona, ni kweli. Lakini tangu siku ile, kila alipokanyaga pampu Damari alilirudia jibu lile moyoni, na kila mara liliuma upya. Mtu amemtazama mwenzake akitia mkono motoni, na kinga iko kabatini. Angeiacha kazi siku hiyo hiyo kama shamba la Issuna lingekuwa na chochote cha kuvuna.

Minyoo hawakwisha. Waliokuwa ndani kabisa ya mawe walibaki, na Bwana akaagiza dawa yao kutoka pwani. Dawa ilikuja kwa treni ndani ya pipa, nayo ilikuwa samaki: mrefu, wa kijani, mwenye midomo minene. Huyu hakuwa kama yule mweusi. Alipita juu ya mawe polepole, jicho moja limeinama shimoni, na mnyoo akichungulia tu, amekwisha. Alimvuta nje, akampigapiga kwenye jiwe mpaka nywele zikapukutika, akammeza vipande vipande. Bwana Haskini alifurahi mno. Wageni waliitwa kutazama. Ili samaki wote wawe karibu na kioo wageni wanapokuja, akaamuru walishwe zaidi, nyama asubuhi, nyama mchana, maini ya mbuzi jioni. Wakati huo mtaani watu walikuwa wanachemsha majani ya porini.

Miezi haikuwa mingi, minyoo wakatoweka. Jioni hakuna kichwa kilichochomoza tena. Nyama iliyoanguka chini ilibaki pale pale, ikajibana kati ya mawe, ikaota ukungu mweupe. Damari alimwambia Anselm kwamba maji yameanza kunuka. Anselm alimpelekea Bwana habari hiyo pamoja na chai, na Bwana akajibu kwamba bahari ndivyo inavyonuka, nao hawajawahi kufika baharini.

Kisha Bwana akasafiri kwenda Itigi kununua nta, akaacha amri ya chakula ile ile. Alikuwa bado huko samaki walipoanza kupanda juu, wanahema mdomo nje ya maji. Damari alipiga pampu bila kupumzika. Haikusaidia kitu. Wa kwanza kufa alikuwa yule wa kijani, na wa mwisho yule mweusi mgomvi, ambaye hakuondoka kwenye jiwe lake. Bwana alirudi akakuta maji ya kijivu na samaki wote wanaelea.

Damari hakuwa nyumbani kwa Bwana saa hiyo. Alikuwa kwenye foleni ya bomba, pale pembeni ya stesheni, na wanawake wote wa kota. Walimwona Mzungu akivuka reli anakuja, kichwa wazi, bila kofia. Alisimama mbele yao, akamnyooshea Damari kidole, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka:

"Mwanamke huyu ametia sabuni kwenye maji. Ameua samaki wangu wote. Mtu yeyote asimpe kazi."

Damari akamwambia kwamba mapazia aliyafua barazani nyuma, na sabuni haikuvuka mlango, na Anselm ni shahidi. Bwana hakungoja. Aligeuka akaenda zake. Anselm alipoulizwa na Bwana, aliangalia chini. Alisema hakuona kitu, na neno hilo halikumdhuru mtu mwingine ila dada yake.

Neno la Mzungu lilibaki bombani. Mwanzo ilikuwa minong'ono. Baadaye mama mmoja alisogeza debe lake mbali na la Damari, na wengine wakafuata. Anayeweza kutia sumu maji ya samaki, walisema, atashindwaje na ya watu. Katika mwaka wa ukame, maneno kama hayo si mchezo. Siku moja walimwambia awe anateka wa mwisho, ili mkono wake usitangulie kugusa bomba. Aliteka wa mwisho, na mara nyingi bomba lilifungwa kabla hajafika. Lea na Isaka walikunywa maji aliyowaletea Stumai.

Stumai ndiye aliyeitwa kuchukua kazi, kwa maana Bwana Haskini alileta mawe mengine na samaki wengine. Kabla ya kukubali, alikuja akaketi mlangoni kwa Damari.

"Mama Lea, ukisema nisiende, siendi."

Damari alimwambia aende, watoto wa Stumai nao wana njaa. Akamwomba kitu kimoja tu, asitie mkono wake majini hata akiamriwa na nani.

Wakati huo ndipo alipopita mgeni mmoja, mama wa Kizungu, mwalimu wa viumbe vya majini, aliyekuwa anakwenda Kigoma kuangalia ziwa. Alilala kwa Bwana Haskini akingoja treni. Mezani Bwana alimsimulia habari za minyoo, za samaki wa kijani na za sabuni. Anselm, aliyekuwa amewatumikia Waingereza miaka mingi na kukijua Kiingereza kuliko walivyodhani, alikuwa anagawa supu. Yule mama alicheka kwa upole. Akasema minyoo ya namna ile haiui samaki mzima. Inakula aliyekwisha kufa na chakula kilichobaki, ndiyo inayofagia. Wewe umeleta samaki akawala wafagiaji wako, akamwambia mwenyeji wake, kisha ukazidisha chakula, na kikaoza. Akauliza lile povu la sabuni lilionekana na nani. Bwana Haskini akakubali kwamba hakuna aliyeliona. Akasema ni bahati mbaya, akaomba chumvi.

Anselm aliibeba habari hiyo siku mbili kabla ya kuifikisha. Alipomaliza kusimulia, Damari aliuliza neno moja tu, kama Bwana alisema lolote juu yake. Anselm akajibu hapana.

Mpaka hapo Damari alikuwa ameumia. Sasa alikasirika, na watu waliomwona siku zile wanasema hawakuwahi kumwona mtu akikasirika kwa utulivu namna hiyo. Bwana akikosea, ni mwanadamu. Lakini amekwisha kuambiwa ukweli na Mzungu mwenzake, mezani kwake, naye anaendelea kunywa chai huku mtu mwingine ananyimwa maji kwa neno lake.

Siku ya kupakia nta, Damari alifua gauni lake la kanisani, akalivaa, akaenda stesheni. Bwana Haskini alikuwa anasimamia magunia. Damari alimsalimia kwa adabu, kisha akasema, si kwa sauti kubwa:

"Bwana, ulinitaja hapa. Nitaje tena hapa. Useme uliloambiwa."

Bwana akamwambia aende nyumbani. Hakwenda. Alisimama pale mpaka treni ikaondoka. Siku iliyofuata ya nta alikuja tena, gauni lile lile, maneno yale yale. Na iliyofuata. Abiria wakaanza kuchungulia madirishani kuuliza huyu mama anadai nini. Bwana alimtuma Anselm na doti ya kanga mpya na ahadi ya kurudishiwa kazi. Damari alizikunja kanga vizuri, akazirudisha. Alisema jina lake halikuchanika, limepakwa, na aliyepaka ndiye atakayefuta.

Gabrieli aliitwa na msimamizi wake, akaonywa kwamba mke wake anamletea balaa. Alirudi nyumbani uso umemshuka. Alimwomba aache, wakajibizana kwa maneno makali, naye Gabrieli akasema watahamishwa, au atafukuzwa, na watarudi Issuna kula vumbi.

"Tutakula," Damari akasema. "Lakini maji tutayateka kwa zamu yetu."

Gabrieli hakuongea naye siku kadhaa. Lakini msimamizi alipomwita mara ya pili, alijibu kwamba mke wake hajakalia reli wala hajagusa mali ya mtu, amesimama tu, na kusimama hajui kama ni kosa.

Mambo yalikwisha bila mtu kutegemea. Siku moja ya nta, Damari ameshasema maneno yake na Bwana amempa kisogo kama kawaida, Anselm alikuja kutoka nyumbani akiwa na aproni ya jikoni kiunoni. Alikuwa ametumwa kuleta kofia ya Bwana. Alimkabidhi kofia, kisha badala ya kurudi, alivuka mpaka kwenye bomba, akawaambia wanawake wote, kwa Kinyaturu, lugha ya kwao, kwanza na kwa Kiswahili baadaye, kila neno alilolisikia siku ile ya supu. Akawaambia na la glavu. Mwisho akasema kwamba sabuni haikuingia ndani, alijua hivyo tangu siku ya kwanza, akaogopa.

Bwana Haskini alisikia yote. Alikuwa hatua chache tu kutoka pale, na wanawake wote walimgeukia kumtazama. Angeweza kusema ndiyo. Neno moja, na la Kiswahili, ambacho alikijua vizuri alipokuwa anashtaki. Alivaa kofia yake, akamwambia Anselm asirudi jikoni kwake, akaendelea kuhesabu magunia.

Yule mama aliyekuwa wa kwanza kusogeza debe lake alilirudisha pale lilipokuwa zamani, karibu na la Damari. Hakuomba radhi, na Damari hakumdai; aliteka kwa zamu yake. Stumai aliacha kazi wiki ile ile, na mtu wa kuwapulizia upepo samaki wapya hakupatikana Manyoni nzima. Samaki hao nao wakafa, na sanduku likatolewa nje, likakaa tupu barazani. Muda si mrefu kabla ya uhuru Bwana Haskini aliuza nyumba, akapanda treni, akaondoka hajasema neno.

Anselm alirudi Mungaa akalima. Hakupata tena kazi ya mpishi. Damari na Gabrieli walihamia Sepuka baada ya miaka mingi ya reli, na alipozeeka wachungaji walimwambia mara kadhaa amsamehe yule Mzungu. Aliwajibu kwamba angemsamehe kama angejua ni kosa gani amekiri.

Anselm alipofariki, Damari alitembea kutoka Sepuka, mzee, mguu mmoja mbovu, akalala njiani kwa watu. Alifika Mungaa kaburi limekwisha kufukiwa. Wenye msiba walimkaribisha aketi na wamama wenzake, lakini aliomba asimame kwanza. Akawaeleza watoto wa marehemu kwa nini baba yao alipoteza kazi nzuri Manyoni, jambo ambalo marehemu mwenyewe hakuwahi kuwasimulia. Wakubwa miongoni mwao walisema siku zote walidhani aliiba.

"Hakuiba," Damari akasema. "Yule Bwana alijua na akanyamaza. Baba yenu alisema."

Kisha akaketi, akapewa maji.